Vidonge vya Presha na Donda la Shavuni

Propranololi ni katika dawa za bei nafuu kabisa dukani kwangu, na wanaoifuata nawajua. Yupo mama wa makamo ambaye moyo humwenda mbio usiku, yupo mwalimu mwenye kipandauso, wapo wazee wachache wa presha ambao hawajabadilishiwa dawa tangu zamani. Kwa hiyo kijana mmoja wa mtaa wetu alipoingia akataka pakiti kadhaa kwa mpigo, nilimuuliza za nani.

"Za mama, dokta."

Mama yake namjua. Hana presha. Ana saratani ya ulimi, na siku zile alikuwa akingoja kuvuka kwenda Dar es Salaam kuanza mionzi. Kijana alikuwa ametumiwa ujumbe kwenye simu kwamba wagonjwa wa saratani ya kinywa wanaomeza dawa za presha huishi muda mrefu zaidi, na propranololi imetajwa kwa jina. Akanionyesha. Aliyeuandika hakuwa mjinga. Alikuwa amechukua habari ya kweli akaikata katikati.

Sikumuuzia. Nilimkalisha nikampa sababu, na sababu hizo ndizo ninazozipanua hapa, kwa kuwa si yeye peke yake aliyekuja na swali hilo. Na mimi mwenyewe limenipitia nyumbani: shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na presha na saratani ya shavu kwa wakati mmoja, na dawa zake zote za presha nilikuwa nikimtolea mimi.

Magonjwa haya mawili hukutana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba watu bilioni 1.3 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya kupanda, na kwamba ni karibu mmoja tu katika kila watano ambaye presha yake imedhibitiwa. Saratani ya kinywa nayo huwapata zaidi waliovuka miaka 50. Tumbaku huharibu mishipa ya damu na huharibu nyama ya mdomo pia, kwa hiyo mgonjwa yuleyule hujikuta na kadi mbili za kliniki.

Mwaka 2022 dunia ilihesabiwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya midomo na kinywa karibu 389,000, na vifo zaidi ya 188,000. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko Asia ya Kusini, kwa sababu ambayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kusimuliwa: tambuu.

Shangazi alikuwa na kijaluba chake. Jani alilipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akaweka popoo iliyokatwakatwa, katu kidogo na tumbaku, akakunja, akasukumia shavu la kushoto. Harusini alitafuna, msibani alitafuna, akisuka ukili alitafuna, na usiku alilala nayo. Bibi yetu alifanya vivyo hivyo na alifariki mkongwe, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumkanya.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ambao makao yake yako Lyon, Ufaransa, ulishasema katika miaka ya 1980 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Mwaka 2004 ukaenda mbele zaidi: popoo peke yake, hata bila chembe ya tumbaku, ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Habari hii ya pili haijafika mitaani. Nina wateja wameacha tumbaku wakabaki na popoo, na wanajihesabu wametubu. Ndani ya popoo mna kemikali iitwayo arekolini, na chokaa huisaidia kufanya kazi yake. Nyama laini ya shavu ikikaa na mchanganyiko huo miaka na miaka huanza kukakamaa. Wengine kinywa hugoma kufunguka. Ukiwaambia waingize vidole vitatu vilivyopangwa wima, haviingii. Hiyo bado si saratani, lakini inaweza kugeuka kuwa saratani, na aliyefika hapo anatakiwa awe mkononi mwa daktari.

Kwa shangazi kulianza na doa jeupe, mahali palepale alipozoea kupakia. Baadaye likachanganyika na wekundu, na wekundu ndio wa kuogopwa zaidi. Kisha likawa donda. Kwa kuwa halikumuuma alilisukutua kwa maji ya chumvi na karafuu. Donda lilitokea kabla ya Ramadhani. Hospitali alikwenda Mfungo Tatu, zaidi ya miezi mitatu baadaye. Donda la kinywani likipita wiki mbili au tatu bila kufunga lipelekwe kwa daktari wa meno likatwe kinyama kipimwe, maana hapa muda una uzito kuliko dawa yoyote nitakayoitaja. Katika takwimu za Marekani, wagonjwa zaidi ya 8 katika 10 wa saratani ya kinywa na koo iliyokamatwa ikiwa bado mahali pake wako hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa mbali, wanabaki karibu 4 katika 10.

Sasa presha inaingiaje hapa?

Inaingia kwa mlango wa adrenalini. Mskoti mmoja, James Black, alitafuta dawa ya kuupunguzia kazi moyo wa mtu mwenye maumivu ya kifua. Katika miaka ya 1960, akiwa na kampuni ya ICI huko Uingereza, alizaa propranololi, na mwaka 1988 akapewa tuzo ya Nobel. Adrenalini na nduguye noradrenalini ndizo homoni za hofu, hasira na haraka. Hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyo juu ya seli. Propranololi hutangulia kuvikalia vipokezi hivyo, homoni ikifika haina pa kushika. Moyo unapiga taratibu, presha inashuka. Ukoo mzima wa dawa hizi huitwa bita-bloka, na atenololi tunayoiona sana kwenye kadi za presha ni mmoja wao.

Black hakuwa akifikiria saratani. Lakini vipokezi vile haviko moyoni peke yake. Viko kwenye mishipa ya damu, kwenye mapafu, na seli nyingi za saratani zinavyo pia. Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walieleza walivyowapandikiza panya saratani ya ovari na kuwabana kila siku mahali pembamba ili wapatwe na msongo. Uvimbe wa panya waliobanwa ulikua haraka na kuota mishipa mingi ya kuulisha. Walipopewa propranololi, msongo haukuongeza kitu. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walizimwagia noradrenalini seli za saratani ya kinywa katika maabara, nazo zikazaana zaidi na kutoa kwa wingi protini mojawapo inayochochea uvimbe.

Kati ya matukio hayo mawili kulitokea jambo Bordeaux, Ufaransa, ambalo mimi hulisimulia kila nikipata wa kumsimulia. Mtoto mchanga alikuwa na uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu puani, ule unaotokea kwa watoto wengi na usio saratani. Alikuwa anatibiwa kwa steroidi, moyo wake ukapata matatizo, daktari akampa propranololi kwa ajili ya moyo. Siku iliyofuata uvimbe ulikuwa umeacha wekundu ule mkali ukawa wa zambarau, na ulikuwa umelainika. Hakuna aliyeutarajia. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake walilichapisha jambo hilo mwaka 2008 pamoja na watoto wengine waliojaribiwa baada yake, na leo propranololi ndiyo dawa ya kwanza kwa uvimbe wa aina hiyo duniani kote. Kwa hiyo mtu akisema dawa ya moyo haiwezi kuugusa uvimbe, jibu ni kwamba imeshaugusa mmoja mbele ya macho ya watu.

Halafu ikaja kazi ya mwaka 2020, na hii inahusu kinywa hasa. Watafiti wa Houston wakiongozwa na Moran Amit walichapisha katika jarida la Nature habari za neva zinazouzunguka uvimbe wa kinywa. Seli zetu zina protini ya ulinzi iitwayo p53, ambayo huizuia seli iliyoharibika isizaane. Saratani za kinywa nyingi zimeipoteza. Walichokiona ni kwamba seli zilizopoteza p53 hupeleka ujumbe kwa neva za jirani, neva za hisia za kawaida, na neva hizo hubadilika tabia zikaanza kutoa noradrenalini. Saratani, kwa maneno mengine, inajitengenezea yenyewe neva za kuichochea. Kwa panya, kuzikata neva hizo au kuviziba vipokezi vya adrenalini kulipunguza ukuaji wa uvimbe. Na walipovirudia vinyama vilivyohifadhiwa vya wagonjwa wa saratani ya kinywa, wale waliokuwa na neva nyingi za namna hiyo ndio waliokuwa na mwisho mbaya zaidi.

Niliposoma hayo nilimfikiria shangazi, na nisingemlaumu mtu ambaye angekwenda moja kwa moja rafuni.

Lakini panya wa Houston ni panya, na mtoto wa Bordeaux hakuwa na saratani. Swali la kijana yule lilikuwa la watu wazima wenye saratani ya kinywa: wakimeza, wanaishi zaidi? Hapa ndipo habari inapokatwa katikati.

Njia ya haraka ya kulijibu ni kufungua madaftari. Taiwan ina bima ya afya ya taifa tangu mwaka 1995, kila dawa inayotolewa inaandikwa, na bahati mbaya watu wake hutafuna popoo kwa wingi. Kutoka kwenye kumbukumbu hizo, mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi uliosema waliotumia propranololi walipata saratani ya kichwa na shingo kwa uchache kuliko wasioitumia. Ireland mwaka 2011 walitazama wanawake wenye saratani ya titi: waliokuwa kwenye propranololi walifika hospitali na uvimbe usiokuwa umeendelea sana, lakini waliokuwa kwenye atenololi hawakutofautiana na wengine. Tofauti hiyo inavutia, kwa sababu atenololi huziba hasa vipokezi vya moyoni, na propranololi huziba vya moyoni na vya kwingineko.

Kwa wagonjwa wa saratani ya kinywa wenyewe, matokeo yamegongana. Ziko tafiti zilizoona watumiaji wa bita-bloka wakiishi zaidi, ziko ambazo hazikuona kitu. Ujumbe wa simu ulizitaja zile za kwanza tu.

Kwa nini madaftari yanagongana? Chukua mahujaji. Ukihesabu umri wa kufa wa waliokwenda Makka mara mbili na waliokwenda mara moja, utaona wa mara mbili wamefariki wakiwa wazee zaidi. Utasema hija ya pili inarefusha maisha? Aliyefariki mwaka mmoja baada ya hija ya kwanza hakupata nafasi ya kwenda ya pili, basi. Ndivyo inavyotokea daftarini. Mgonjwa anagunduliwa na saratani leo, anaanzishiwa dawa ya presha baada ya miezi minane. Mtafiti anamwandika "mtumiaji" tangu siku ya kwanza. Miezi ile minane, ambayo ilikuwa lazima awe hai ili afikie kuandikiwa dawa, inahesabiwa kuwa kazi ya dawa. Mwaka 2016 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walizikusanya tafiti za bita-bloka na saratani za aina mbalimbali. Zikiwekwa pamoja, dawa ilionekana kusaidia. Walipoziondoa zile zenye kosa hili la muda, faida ilitoweka.

Kuna mtego mwingine, na huu mfamasia yeyote anaujua bila kusoma jarida. Propranololi haipewi mtu mwenye pumu, kwa sababu hubana njia za hewa. Mvutaji mkubwa wa sigara ambaye mapafu yake yamechoka naye daktari humwepusha. Sasa ni nani hao wanaobaki kundi la wasiotumia? Ni wavutaji waliochakaa zaidi, wale ambao wangekufa mapema kwa mapafu, kwa moyo, kwa saratani ya pili, hata kama donda la kinywa lingepona. Kwa saratani ambayo imezaliwa na tumbaku, jambo hili si dogo. Pande zote mbili za mzani zimewekwa watu wa namna mbili tofauti, halafu kidonge ndicho kinapewa sifa. Na mgonjwa wa presha anayehudhuria kliniki kila mwezi ana mtu wa kumwambia afungue kinywa. Asiye na kliniki hana.

Dawa ya haya yote ni kuwagawa wagonjwa kwa kura: huyu propranololi, huyu kidonge kisicho na kitu, na wote wafuatwe kwa miaka. Kazi ya namna hiyo imeanza kwa saratani nyingine. Israel mwaka 2017 walichapisha jaribio la wanawake 38 wa saratani ya titi, karibu nusu wakipewa propranololi pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe kuanzia siku 5 kabla ya operesheni. Vipimo vya uvimbe na damu vilionyesha dalili za saratani yenye nguvu pungufu. Ni dalili nzuri, lakini wanawake 38 na siku chache ni mwanzo tu, na titi si ulimi.

Nimekuwa kwenye kazi hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba daftari linaweza kupotosha upande wa pili vilevile. Mwaka 1974 jarida la Lancet lilichapisha kwa pamoja tafiti tatu, za Boston, Bristol na Helsinki, zikisema reserpini, dawa ya presha iliyotumika sana zama hizo, inaleta saratani ya titi. Wagonjwa waliingiwa na hofu. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha hofu ile. Ilikuja kuonekana kwamba namna watu wa kulinganishwa walivyochaguliwa ilikuwa na kasoro. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 Wadenmark walitangaza kwamba waliotumia haidroklorothiazaidi kwa miaka mingi walipata zaidi saratani ya mdomo wa nje, na hili limepokelewa kwa uzito, kwa kuwa dawa ile huifanya ngozi iungue upesi na jua na kadiri mtu alivyokuwa ameimeza nyingi ndivyo hatari ilivyopanda. Ni habari ya watu wenye ngozi nyeupe zaidi kuliko yetu. Wateja wangu wenye ualbino, hata hivyo, nikiwaona na kidonge hicho kwenye kadi huwarudisha kwa daktari wakaongee.

Kwa hiyo mama wa kijana yule asimeze? Asimeze kwa kujiandikia mwenyewe. Presha yake ya kawaida iko chini. Anakula uji kwa shida, amepungua mwili, na mionzi itampunguza zaidi. Propranololi kwa mtu wa hali hiyo humfanya aanguke akisimama. Kama sukari yake inashuka kwa kutokula, dawa hii huficha dalili, mtetemeko na mapigo ya moyo, hata asijue mpaka azimie. Hayo ni madhara tunayoyajua kwa hakika, na faida bado tunaitafuta.

Ila lile swali la vidonge vya presha na kuishi kwa mgonjwa wa saratani ya kinywa mimi ninalo jibu la aina nyingine, na kwangu lina uzito kuliko la Houston. Nilikuwepo lilipotokea.

Shangazi alipangiwa operesheni ya kukata shavu na kuondoa matezi ya shingo. Alilazwa jioni. Asubuhi walimfunga mkanda, mashine ikasoma 196 kwa 114. Wakarudia baada ya kupumzika, ikabaki kulekule. Daktari wa usingizi akakataa, na alikuwa na haki: mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unaruhusu kuendelea iwapo presha iko chini ya 180 kwa 110, juu ya hapo inatakiwa ishushwe kwanza kama upasuaji unaweza kungoja. Kumlaza mtu usingizi na presha ya namna ile ni kukaribisha kiharusi. Shangazi akatolewa kwenye orodha, na nafasi nyingine ya chumba cha upasuaji ikapatikana wiki kadhaa baadaye. Saratani haikupumzika wiki hizo.

Nilipomuuliza, alininong'oneza. "Mwanangu, kile kidonge kinaniuma." Alikuwa ameacha amlodipini kimyakimya, kwa sababu kilikuwa kikikwama kati ya ufizi na shavu, kikiyeyukia juu ya donda. Hakuna kliniki iliyomuuliza anakimezaje. Ya presha iliona presha, ya saratani iliona saratani.

Basi tukashughulika na kumeza. Amlodipini ya kawaida inaweza kupondwa ikachanganywa na kijiko cha uji laini, na akaanza hivyo. Si kila kidonge kinakubali. Nifedipini ya kutoka taratibu haipondwi hata kidogo: iliyotengenezwa itoke kwa siku nzima ikiingia mwilini mara moja, presha inaporomoka. Anayelishwa kwa mpira wa puani au tumboni aje na orodha yake yote, tuipitie dawa kwa dawa.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo, kwa mgonjwa wa kinywa, hubadilisha uchaguzi wa dawa ya presha. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi ghafla. Ni jambo la nadra, lakini hutokea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa mtu ambaye njia yake ya hewa imeshabanwa na uvimbe hakuna nafasi ya kubahatisha. Amlodipini yenyewe na ndugu zake huweza kuotesha ufizi ukafunika meno, na daktari anayetafuta kama saratani imerudi anapaswa kujua kwamba ufizi ule una sababu nyingine. Anayepewa sisplatini kwenye dripu huhatarisha figo, na akiwa anatapika huku anaendelea na losartani au dawa ya kukojosha, figo zinapigwa mara mbili. Na yule ambaye kweli yuko kwenye propranololi au atenololi kwa ajili ya moyo asiiache kwa ghafla hata kwa siku ya operesheni, maana moyo hurudi kwa kishindo.

Safari ya pili presha ilisoma 148 kwa 86. Operesheni ikafanyika.

Baada yake ilikuja mionzi, siku tano kwa wiki kwa zaidi ya mwezi. Alikaa Dar kwa binamu yetu, kinywa kimechubuka, mate yamekauka, chakula chake maziwa na uji mwepesi. Alipungua sana. Presha ikafuata mwili: siku moja alianguka bafuni, wakampima, 98 kwa 60. Vidonge vilevile viwili vya presha, amlodipini na mwenzake, vilivyompitisha kwenye operesheni sasa vilikuwa vikimwangusha. Daktari aliondoa kimoja na kukipunguza cha pili. Mwili uliporudi, presha nayo ikarudi, na kipimo kikapandishwa tena. Hili watu wengi hawalijui, kwamba dawa ya presha wakati wa mionzi si ya kuandikiwa mara moja na kusahau. Mashine ndogo ya kupimia nyumbani, mara mbili tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya dawa, inatosha kuwaonya.

Leo ana sauti nzito, na shavu limeingia ndani. Huja dukani mwisho wa mwezi kuchukua amlodipini yake na kunigombeza kwa bei ya asali. Popoo ameiacha, baada ya vita ambavyo ningevisimulia kama angeniruhusu. Daktari humwangalia kinywa na shingo kila anapokwenda kliniki.

Ndugu wa mgonjwa anayevuka kwenda Dar nawaambia wabebe maboksi yenyewe ya dawa, si karatasi yenye majina yaliyoandikwa kwa kukumbuka, na waseme mapema kama kidonge kinakwama. Siku ya operesheni wamuulize daktari wa usingizi, kwa jina la kila dawa, kipi kimezwe alfajiri kwa funda moja la maji na kipi kiachwe. Enalaprili na losartani mara nyingi huachwa siku hiyo. Bita-bloka humezwa.